Rafiki Anayetangulia Kwenye Kona

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni katika jambo gani dogo la kila siku rafiki ametufaa kuliko tulivyotarajia. Jibu langu ni kumtembeza mbwa mwenye hamaki katika mitaa ya Ipagala, hapa Dodoma, kazi ambayo mtu akiifanya peke yake humchosha yeye, humchosha mbwa na huwatisha majirani.

Mbwa wangu anaitwa Simba, jina ambalo ukiliita kwa sauti mtaani kwetu huitikiwa na mbwa wengi. Akiona bodaboda, mbuzi au mbwa mwenzake, manyoya ya mgongo humsimama, akaivuta kamba na kubweka kwa nguvu zake zote. Watu huuita ukali, lakini mara nyingi chanzo chake ni woga. Kijibwa huzoea mambo mageni kwa wepesi zaidi kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi za umri wake, na mbwa wetu wengi wa ulinzi hupitisha kipindi hicho nyuma ya geti, mchana wamefungiwa bandani na usiku wameachiwa uani. Kisha siku wakitolewa barabarani tunashangaa kwamba wanaiogopa. Fimbo haisaidii, kwani mbwa aliyechapwa ili asingurume hajaacha kuogopa, ila amenyimwa njia ya kuonya kabla ya kung'ata.

Kinachosaidia ni umbali. Bodaboda ikionekana mbali kiasi kwamba Simba ameiona lakini hajaanza kubweka, hapo hapo anapata kipande cha firigisi ya kuchemsha, na umbali huo hupunguzwa kidogo kidogo kadiri anavyotulia. Shida ni kwamba mkono mmoja umeshika kamba, mwingine umeshika firigisi, na macho yanapaswa kubaki kwenye masikio na mkia wake. Nani basi ataangalia kona?

Ndipo rafiki anapohitajika. Mmoja wa rafiki zangu hutangulia mpaka penye kona, hutazama pande zote mbili, na akiona kundi la mbuzi linakuja huinua mkono, nami nikajibanza na Simba nyuma ya pagala la jirani hadi lipite. Mwingine, dada mwenye maneno ya upole, hubaki nyuma kushughulika na binadamu: huwaamkia wachungaji kwa "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na huwaomba watoto wasimame badala ya kukimbia, maana mbio huamsha hamu ya mbwa ya kufukuza. Mzee akigomba hamjibu kwa jeuri. Ana sababu ya kuogopa, kwa kuwa kichaa cha mbwa, dalili zake zikishajitokeza kwa mtu, karibu kila mara huua. Kwa hiyo dada huyo humwonyesha kadi ya chanjo ya Simba, ambayo hutembea nayo mkobani, na mara nyingi mazungumzo huishia kwenye kuulizana habari za nyumbani.

Huyo anayetangulia ana sifa nyingine ninayoithamini zaidi: anajua kusema "leo inatosha." Mbwa akishashtuka mara mbili tatu katika matembezi yale yale, mwili wake huchukua saa nyingi kutulia, na kila kitu kinachofuata, hata mfuko wa plastiki unaopeperushwa na upepo wa kiangazi, humlipua. Mimi mwenye mbwa huwa na tamaa ya kufika mbele kidogo tu. Yeye hana tamaa hiyo, hivyo huona mapema kuliko mimi.

Si kila rafiki anafaa, lakini. Yupo mmoja, mtu mwema kabisa, anayeamini kwamba mbwa wote humpenda, na ambaye hata ukimkataza humwinamia Simba usoni ili kumpapasa kichwani. Huyo namkaribisha chai nyumbani wakati wowote, ila matembezini simchukui.