Mto Mmoja, Misimu Yote: Ushauri kwa Wapenda Matembezi wa Dar

Ukimwambia mtu wa Dar twende tukatembee msituni, atawaza Mikumi au Udzungwa, kisha aanze kupiga hesabu ya mafuta na malazi mpaka safari ife. Nakushauri uanzie nyumbani. Chukua Mto Msimbazi, uutembelee kwenye ncha zake mbili mwaka mzima: vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, unakoanzia, na mikoko ya Daraja la Salender, unakoingia baharini.

Kama hujawahi, anza na kipupwe, Juni hadi Agosti. Njia za msitu wa Pugu-Kazimzumbwi zinakuwa zimekauka, majani bado mabichi, na jua lina huruma. Panda daladala hadi Gongo la Mboto, unganisha ya Kisarawe. Hifadhi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), kwa hiyo pita langoni, lipa kiingilio na uombe mtu wa kukuongoza. Hela hiyo haipotei. Mtu aliyeuzoea msitu atakuonyesha kiota ambacho wewe ungekipita hatua mbili bila kukiona. Humo anaishi komba wa Rondo, mdogo sana na yumo hatarini kutoweka. Hutoka usiku, kwa hiyo usitegemee kumkuta saa nne asubuhi.

Msimu ninaoupenda kuliko yote ni vuli, Oktoba hadi Desemba. Mvua ya kwanza ikishanyesha, nenda kesho yake. Jongoo weusi, wanene kama kidole, wanajaa njiani. Ukimgusa mmoja kwa jani anajikunja duara kamili na kutulia hivyo mpaka akuamini. Wapeleke watoto, wachuchumae wamtazame atakavyojikunjua na miguu yote kuanza kutembea kwa mawimbi. Ila suruali ziingizwe ndani ya soksi, maana siafu nao wanapenda msimu huohuo.

Masika, Machi hadi Mei, kaa mbali na bonde la mto. Nalisema hili kwa uzito. Maji yanayofunga barabara pale Jangwani huenda yameshuka kutoka juu, hata kama mtaani kwako hakujanyesha, na yanakuja kwa kasi. Usimruhusu mtoto ashuke kuangalia. Na ukiwa umewahi kutembea Pugu utaelewa kwa nini miti ya kule inatuhusu sisi wa huku chini: majani na mizizi yake hupunguza kasi ya maji ya mvua, maji yakapata muda wa kuzama ardhini. Mti ukikatwa kwa ajili ya mkaa, maji hukimbia na udongo wote, na udongo huo ndio unaojaza mto wetu.

Katikati ya mto, kwa kweli, bado si pa kutembelea. Maji yamechafuliwa na taka za mji, wala msinawe humo. Kuna mradi wa bonde la Msimbazi unaolenga kuigeuza sehemu ya Jangwani kuwa bustani ya mji, na mimi naisubiri kwa hamu kubwa.

Kiangazi cha Januari na Februari, msitu una joto kali, basi hamia mdomoni mwa mto. Tazama kwanza jedwali la maji kupwa na kujaa, uchague siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, kwa kuwa maji hukupwa mbali zaidi. Simama pembeni mwa daraja, usishuke topeni. Utaona yangeyange wakinyatia samaki, na kaa dume wadogo wakipunga gando moja kubwa mbele ya mashimo yao. Miezi hiyo wapo pia ndege wahamaji waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Wengi huanza kurudi kwao kuanzia Machi, kwa hiyo ukiahirisha utawakosa. Beba darubini kama unayo, maji ya kunywa na kofia, na ufike kabla jua halijapanda.