Re: Ulezi wa bibi umechanganyika, niutupe ninunue mbegu ya dukani?

Mkuu nimekusoma. Bibi kakuachia debe la ulezi huko Kaliua, ndani mna mwekundu, mna uliokoza karibu na weusi, mweupe nao umo, shambani masuke mengine yamejikunja kama ngumi na mengine yametawanyika, na jamaa wa duka la pembejeo kakwambia hiyo ni takataka. Usitupe aisee. Nakujibu kama mtu aliyewahi kutupa.

Mie niko Sikonge, niliingia kwenye ulezi baada ya kuchoka na tumbaku, mbegu nikapewa na mama mkwe, mchanganyiko hivyo hivyo kama wako. Nikajifanya mjanja, misimu mitatu mfululizo mbegu natoa kwenye masuke makubwa tu, yale ya ngumi, mengine yote yanaenda kwenye uji na togwa. Shamba likapendeza, limelingana kama limechongwa. Kumbe yale masuke makubwa kwangu mengi yalikuwa ya ule ulezi unaochelewa, na ule mfupi wa miezi mitatu na kidogo nilikuwa nimeshaunywa wote! Msimu wa nne mvua ikakata mwezi wa tatu mwanzoni, ulezi wangu ndo kwanza unachanua. Nikaambulia madebe mawili. Mama mkwe alicheka kwanza ndo akanipimia mbegu upya.

Sasa kitu ambacho wengi hawajui, ulezi sio mahindi. Unajichavusha wenyewe karibu wote, kwa hiyo ile debe sio fujo, ni koo nyingi zinakaa nyumba moja bila kuoana, ukichukua suke moja ukalipanda peke yake watoto wanatoka wanafanana na mama yao. Ndo maana unaweza kuutenganisha wewe mwenyewe bila maabara. Kabla ya kuvuna zunguka shamba zima, sio kona moja, funga uzi kwenye masuke ya kila aina unayoiona, hata yale mabaya. Kila suke bahasha yake ya kaki. Msimu unaofuata suke moja mstari mmoja. Mie nilianza na masuke 40 na daftari la shule, naandika tarehe ya kuchanua, ulilala (yaani ulianguka chini) au haukulala, umetoa machipukizi mangapi, shingo, pale suke linapoanzia, imeoza au nzima, kupura kukoje (hapa muulize mke wako, wanaopura ndo wanajua).

Na usidhani kuna suke bora kuliko yote. Ngumi linabeba punje nyingi lakini mvua za mwisho zikilikuta limekomaa, maji yanakaa ndani linaota ukungu, lililotawanyika linakauka haraka. Uliokoza rangi kwangu ndege hawaupendi sana na kimea chake ndo wapika pombe wanaulizia, mweupe uji wake mtamu watoto wanagombania ila ule ugonjwa wa kuoza shingo, mabwana shamba wanauita blasti, ukiingia unaanza na huo mweupe. Ni kuvu ndugu yake na yule wa mpunga. Kwenye mistari yangu 40 kuna mitano haikuguswa wakati jirani zake nusu mita tu pembeni masuke yamekuwa makapi. Hiyo mitano ndo dhahabu, na isingeonekana kama ningepanda kwa kumwaga.

Angalizo, kuna ulezi pori, ukiwa mdogo huwezi kuutofautisha na wako, na wenyewe unaweza kuingiliana na ulezi wa shamba mara chache. Ukipanda kwa mistari unaung'oa kirahisi maana chochote kilicho nje ya mstari ni gugu.

Wanaosema mbegu za kienyeji hazina maana waambie Wahindi kule Karnataka walikwama na ulezi wao, wakauchanganya na wa Afrika, zikatoka aina wanaziita Indaf, yaani India na Afrika, mavuno yakapanda. Na ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya maeneo makavu, huko huko India walichambua sampuli 5,940 za ulezi wakachuja zikabaki 622, baadaye 80 tu, lengo sio kutafuta mshindi, ni kubakiza utofauti wote kwenye kapu dogo ili mtafiti apate pa kuanzia. Na kuzichavusha aina mbili kwa makusudi ni kazi, kiua ni kidogo mno, ujanja mmoja ni kuchukua dume lenye shina la zambarau na jike la kijani, mche ukitoka na zambarau unajua mimba ilishika. Ukikuta wa zambarau kwenye debe la bibi usiule wote basi.

Sipingi mbegu za dukani. U15 na P224 ni nzuri, U15 inawahi, mie naipanda katikati ya mistari yangu kama kipimo. Mwaka jana imeshinda mistari mingi ila sio yote.

Tumbi pale Tabora kuna kituo cha TARI, ile taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, ukipata nafasi peleka daftari lako ukaongee nao. Na debe la bibi usilipande lote msimu mmoja, ulezi unakaa miaka bila kubunguliwa, bakiza hata nusu kwenye kihenge. Ukipita Tutuo siku ya mnada nitafute nikupimie kikombe cha mweupe usiooza shingo, ila uje na chombo chako, na mie nataka kikombe cha wa bibi.