Juni 16 ni Soweto, si Sharpeville

Hapana bana, umechanganya ukisema Juni 16 ni ya Sharpeville, Hector Pieterson ndiye wa kwanza kupigwa risasi, na waliokufa ni 23. Sharpeville, huko Afrika Kusini, ni Machi 21, 1960, watu walikuwa wanapinga pasi, yaani vitambulisho ambavyo Waafrika walilazimishwa kubeba, polisi wakaua 69. Juni 16 ni Soweto 1976, pia Afrika Kusini, hao ndio wanafunzi, waliingia barabarani juu serikali ya makaburu ilitaka hesabu na masomo mengine yafundishwe kwa Kiafrikana, lugha yao, na OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ndio ikaifanya Siku ya Mtoto wa Afrika mwaka 1991, hii yenye watoto wetu hapa Nairobi wanakaririshwa mashairi na hakuna mtu anawaambia nani alipigwa risasi. Ile picha maarufu ya siku hiyo ilipigwa na Sam Nzima, kijana wa ovaroli amembeba Hector Pieterson wa miaka 12, na msichana wa yunifomu anayekimbia kando mkono juu ni dadake Antoinette, mwenyewe ameisimulia mara nyingi. Ila hapo kwa Hector kuwa wa kwanza kupigwa risasi pia si sawa, Hastings Ndlovu alipigwa risasi kabla yake, tu hakukuwa na kamera. Na hiyo 23 ilikuwa hesabu ya serikali ya waliokufa siku hiyo, waliokufa miezi iliyofuata ni mamia.