Usisaini hiyo LPO (hati ya manunuzi) kabla ya kupima nyaya

Mkuu, weka kalamu chini kwanza. Unasema jengo lenu la enzi ya Mjerumani hapo Lindi lina king'ora cha moto cha zoni nne, yaani kinataja upande wa jengo tu, kimezeeka, na msambazaji anataka kuwafungia paneli ya anwani, ile inayotaja chumba gani kinaungua, halafu "nyaya za zamani zitatumika ili tusitoboe kuta". Ukauliza bei, betri, kibali cha Mambo ya Kale na mfumo usio na waya. Mimi nimekwama hapo kwenye nyaya. Maneno hayohayo niliambiwa Mtwara na fundi aliyekuwa anatafuna korosho zetu: "Waya ni waya, mkuu."

Waya ni waya, mjomba wake! Zoni ya kizamani inatoka kwenye paneli, inapita ditekta (vihisi vya moto) moja baada ya nyingine, inaishia kwenye rezista, kile kipande kidogo cha kuzuia umeme mwishoni mwa waya. Basi. Lupu ya paneli ya anwani inatoka na inarudi palepale, ili waya ukikatika katikati ditekta zisomwe kutoka upande wa pili. Haya, huo waya wa kurudi kwenu uko wapi? Kwetu haukuwepo. Jamaa akaunga tawi huku, tawi kule, akasema kazi imeisha.

Ilikuwa Juni, mwaka wa fedha unafungwa, bosi hataki hela irudi Hazina. Nikasaini. Kiangazi chote paneli kimya kama maji mtungini, nami natembea kifua mbele. Zikaja mvua za Desemba. Kuta za matumbawe na chokaa zikanywa maji, na king'ora kikaanza kulia saa nane za usiku. Siku ya tano mlinzi akachomoa betri, akalala. Simlaumu.

Nikapanda darini na tochi. Chini ya mavi ya popo nikakuta maungio: nyaya zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi iliyokauka kama ganda la muhogo. Nilipoigusa ikapukutika, ndani shaba imekuwa kijani. Nilihesabu maungio 17 ya hivyo. Tukapima kwa mega, ile mita ya kupima kama waya unavujisha umeme, mstari mmoja ukasoma chini ya nusu megaomu, yaani unavuja. Tena hatukuchomoa ditekta kwanza. Volti 500 za mega zikapita humo, ditekta 9 mpya zikafa. Hilo ni la kwangu, fundi hahusiki. Wiki hizo hata simu hakuwa anapokea, nadhani mtandao wa Dar ulimsumbua.

Mfumo wa zamani nao ulishaondoka na chuma chakavu. Kwa hiyo jengo la boriti za mikoko, mafaili hadi darini, lilikaa miezi 7 na ndoo za mchanga na namba 114 ukutani, tukisubiri bajeti ya kuvuta nyaya upya.

Sasa wewe PIMA. Kabla ya LPO, kabla ya chai na msambazaji. Chomoa ditekta zote, toa rezista, pima kila mstari, waya kwa waya na waya kwa ardhi, na iwe wakati wa mvua, maana Agosti kila waya ni mzima. Simama hapo usome mita mwenyewe. Akikuambia haina haja, msindikize getini.

Mega ninayo. Nauli ya kuja Lindi na supu ya Mingoyo juu yako. Ditekta utachomoa wewe.