Kabla hujachana kadi, soma kilichonikuta 2015

Wiki iliyopita kaka mmoja kaniandikia inboksi. Kajitambulisha yuko Singida, mwanachama wa CCM tangu 2012, ada analipa. Meseji ni ndefu ila kiini chake ni hiki: "Bro 2015 watia nia wa urais walikuwa utitiri na sikumwona hata mmoja wa kunifaa, Januari 2025 wameenda Dodoma kumchagua Makamu Mwenyekiti wamerudi na mgombea urais kabisa, jina moja, mimi nimeonea kwenye TV kama mtu wa nchi nyingine. Kadi naichana. Alafu kuna mtia nia wa ubunge huku ananitaka kwenye timu yake. Niende nisiende?"

Nilitaka nimjibu kwa mistari miwili nikashindwa, maana huyu kaka kanigusa donda. Miaka kumi imepita na bado nikisikia neno "wadhamini" tumbo linakata. Basi wacha nilieleze hapa lote, na wengine mnaojiandaa kukimbizana na watia nia, yani wanaotaka chama kiwateue kugombea, msome.

2015 nilikuwa na miaka 26. Chuo nimemaliza, kazi hakuna, nakaa Morogoro kwa mama mdogo. Juni fomu za kuomba kugombea urais kupitia CCM zikaanza kutoka Dodoma, milioni moja kila fomu, na kila jioni kwenye taarifa ya habari unamwona mtu mpya ananyanyua mkoba wa fomu huku wapambe wanapiga makofi. Mawaziri, mawaziri wakuu wa zamani, mabalozi, hata jaji mkuu mstaafu, na watu ambao hata kwao sidhani kama walikuwa wanajulikana. Wakafika 42. Waliorudisha 38. Mtaani watu wanataniana kwamba ukichelewa kuamka utakuta na jirani yako kachukua.

Sasa wasikilize wanavyoongea. Nitapambana na rushwa, nitainua kilimo, ajira kwa vijana, nitaendeleza pale alipoishia Mwenyekiti wa chama, Rais Kikwete. Ungewasikiliza redioni bila kutajiwa majina usingejua nani ni nani. Mimi nililiona hilo, sio kwamba sikuliona. Ila ukiwa na miaka 26 na huna kazi unajiambia huyu wangu ni tofauti.

Wangu sitamtaja. Hakuwa kati ya wale vigogo wawili watatu waliokuwa wanasemwa kila kijiwe, na hakuingia tano bora, yale majina matano yaliyobaki baada ya mchujo wa kwanza, inatosha. Mratibu wake wa mkoa alikuwa rafiki wa mjomba, akaniita, akaninunulia soda, akaniambia mzee akipita hatakusahau. Hilo neno "hatakusahau" limemaliza vijana wengi nchi hii.

Kazi yangu ilikuwa wadhamini. Kila mtia nia alitakiwa apate wanachama 450 wa kumdhamini kutoka mikoa 15, mitatu kati ya hiyo Zanzibar, yani 30 kila mkoa. Wenzetu wenye nguvu walikuwa wanakusanya maelfu kwa maelfu ili waonekane, sisi tulikuwa tunatafuta tu idadi itimie na akiba kidogo. Nikatumwa Kilosa. Nikakodi bodaboda kwa hela yangu, nikiahidiwa nitarudishiwa, nikaingia mpaka Kimamba na vijiji vya pembeni na daftari kwapani.

Kuna bibi mmoja sijamsahau. Kadi yake ilikuwa imefungwa kwenye nailoni, nailoni kwenye pindo la khanga, akaanza kuifungua taratibu kama anafungua hela. Nikaandika jina, namba ya kadi, tawi. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, huyu mtu ameshawahi kufika huku?" Nikamwambia atakuja bibi. Nilidanganya, sikuwa najua chochote. Akasema, "Basi akija mwambie bomba la pale shule mwaka wa pili huu halitoi maji." Akaweka dole gumba, alafu wino akaufutia kwenye mguu wa kigoda, akarudi kupepeta mchele wake.

Jioni nikampigia mratibu nikamwambia kuhusu lile bomba, nikidhani nimeokota kitu cha maana mzee akakisemee. Akanijibu, "We hakikisha namba za kadi zinasomeka, hayo mengine baadae." Pale ndio nilipotakiwa nishtuke. Sikushtuka. Na wewe unayesoma hapa kama uko kwenye timu ya mtu jipime hapo hapo: peleka shida moja ya mtu mmoja kwa jina lake na mahali pake, uone inaishia wapi. Ikiishia kwa mratibu huna mgombea, una mratibu.

Julai tukaenda Dodoma. Kufanya nini hata sijui, mimi sio mjumbe wa kitu chochote, ila tuliambiwa tuwepo, tuonekane. Mji umejaa, gesti hamna, tukalala wanne chumba kimoja Majengo, vitanda viwili, na kila mtu ana tisheti ya mtia nia wake. Upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba mnaujua. Tulibishana mpaka koo zikauma, nani Rais atampa wizara gani. Siku mbili hizo tulitaja majina labda ishirini.

Ijumaa tarehe 10 Kamati Kuu ikakaa, huku nje watu wameganda kwenye simu. Usiku WhatsApp ikaanza kulia mfululizo. Majina matano: Membe, Magufuli, Migiro, January Makamba, Amina Salum Ali. Nikayasoma, nikayasoma tena, nikawa natafuta la sita. Lowassa mwenyewe, waziri mkuu wa zamani, mtu aliyekuwa anajaza viwanja, hayumo. Wangu je? Nikampigia mratibu, simu imezimwa. Mle chumbani wote wanne tumekatiwa watu wetu usiku mmoja, hakuna aliyesema neno. Asubuhi mmoja wetu, jamaa wa Tabora, akachukua ile tisheti yake mpya kabisa, akafutia viatu, akavaa shati lake, akaondoka stendi. Hakuaga.

Siku hiyo hiyo vurugu zake mnazijua. Wajumbe wa Halmashauri Kuu wakaimba wana imani na Lowassa mbele ya Mwenyekiti, wajumbe watatu wa Kamati Kuu walikuwa wameshajitokeza kwa waandishi kusema hawakubaliani na maamuzi. Haikubadilisha kitu. Tano zikawa tatu, Mkutano Mkuu ukapiga kura, Magufuli 2,104, Amina 253, Migiro 59. Asilimia 87 huyo! Nilisikilizia kwenye redio ya mama lishe nikiwa na nauli ya kurudi tu mfukoni. Na hapa ndio nilijiona mjinga zaidi, maana katika ile mibishano yetu ya gesti jina la Magufuli halikutajwa hata mara moja. Alichukua fomu kimya kimya, hakujaza kiwanja, hakugawa kofia.

Sasa kaka wa Singida, nisikilize. Hasira yako unaielekeza kwa wagombea, kwamba hawafai, wanafanana, hawasemi kitu. Kweli kabisa. Ila wanafanana kwa sababu hawakuhitaji wewe. Jina linaanzia Kamati ya Maadili, linaenda Kamati Kuu, ndio Halmashauri Kuu, ndio Mkutano Mkuu. Wewe na mimi na bibi wa Kimamba tunaingia pale mwanzo tu, kwenye dole gumba, basi. Mtu anayekatwa au kupitishwa na meza ya watu wachache ataongea lugha ya ile meza, bomba la Kimamba sio lugha yake. Baba yangu alikuwa anapenda kusimulia Mkutano Mkuu wa 1995, Kikwete kaongoza raundi ya kwanza, ya pili Mkapa kapita, ukumbi mzima roho juu. Hapo angalau walioingia ukumbini walikuwa na kitu cha kuamua. Januari 2025 walioingia ukumbini waliitikia azimio la kumpitisha mgombea mmoja, na mimi siwezi kukwambia usiumie. Mimi mwenyewe nimeumia.

Lakini kuchana kadi ni kitu kingine. Rafiki yangu alichana yake Julai ile ile 2015, hadharani, akapiga na picha. Lowassa tarehe 28 alikuwa ameshahamia CHADEMA, jamaa akamfuata na bendera mpya kwenye pikipiki. Oktoba mzee akapata karibu asilimia 40 ya kura za urais, sio mchezo. Machi 2019 mzee karudi CCM kwa makofi na mikono ya heri. Rafiki yangu je? Kadi hana, huku hawamwamini, kule hawamtaki, na picha bado ipo Facebook kila mwaka inamkumbushia. Yani mkubwa akihama anapokelewa na kiti, wewe ukihama unapokelewa na maneno. Hama kama umeamini kitu, usihame kwa kuwa mtu wako kakatwa.

Na kosa langu mimi lilikuwa baya kuliko la huyo. Mimi nilinuna. Oktoba 25 nilikaa nyumbani, nikalala, mama mdogo akanigongea mara mbili nikamwambia naumwa. Kura ya urais niliona haina maana kwangu, sawa, ila siku ile ile zilikuwepo na karatasi mbili nyingine, ya mbunge na ya diwani. Diwani aliyeshinda alishinda kwa tofauti ndogo sana, na huyo huyo ndiye alikaa miaka mitano bila kuitisha mkutano hata mmoja mtaani kwetu kuhusu ule mtaro uliokuwa unaingiza maji ndani kwa watu. Mtaro uko mita chache kutoka dirisha nililolalia siku ile. Kila masika nilikuwa nakinga ndoo na kujilaumu, na mama mdogo ni mtu wa kukumbusha.

Kwa hiyo vijana acheni kununa! Mnajifanya mna siasa za rohoni, mnajua majina ya Kamati Kuu nzima, alafu uchaguzi wa shina hamuendi, wa tawi hamuendi, mnamwachia mzee mmoja na wanae wanapangana. Wajumbe, wale wanaopiga kura za kuchuja watia nia ndani ya chama, wanatoka huko huko. 2020 baada ya kura za maoni nchi nzima ililia "wajumbe si watu", mimi nikacheka peke yangu, nikasema hawa si ndio tuliowaacha wakachaguana wenyewe? Mwaka 2022 nimegombea tawini kwangu, nimepata. Cheo kidogo, hakina posho, ila sasa mtu akija na daftari lake la wadhamini kwanza anakaa chini namuuliza maswali mpaka anatoa jasho. Mmoja aliondoka bila hata sahihi moja, na nilifurahi, sitaki kudanganya.

Haya, swali lako la mwisho, uende kwenye timu ya huyo mtia nia au usiende. Nenda ukitaka, umri wako unaruhusu. Mpelekee kwanza shida moja ya bomba, kama nilivyosema. Kingine ni hela. Mafuta, soda, bando, kila shilingi iandike, asaini yeye mwenyewe sio mratibu, na uidai kabla vikao havijakaa. Mimi nilitumia laki tatu na themanini, laki na nusu kati ya hiyo ni mkopo wa kikoba cha mama mdogo. Nilianza kudai Septemba. Mratibu akaniambia mzee yuko kikaoni. Desemba nikapiga tena, nikaambiwa bado yuko kikaoni.