Niliacha Nyama, Gunia la Mkaa Likaisha Kabla ya Wakati

Wiki iliyopita dada mmoja wa Morogoro aliniandikia: "Nimeacha nyama ya ng'ombe kwa ajili ya mazingira, nyumbani wananicheka. Nakosea wapi?" Niliusoma ujumbe wake mara tatu. Mimi pia nilichekwa kwa sababu ya chakula, na mpaka leo bado kunaniuma.

Nilizaliwa Musoma, nikakulia dagaa. Nilipokwenda shule ya bweni mama alinifungia dagaa wa kukaanga kwenye kopo la maziwa. Muhula mzima wenzangu waliniita Dagaa, na kopo nikalificha chini ya kitanda mpaka wakaharibika. Siku ile niliapa: nikipata mshahara wangu nitakula nyama. Na nilikula. Dar es Salaam, miaka sita, supu asubuhi, nyama choma kila Ijumaa na nyingine ya kubeba nyumbani.

Kilichonigeuza ni utafiti wa wanasayansi Joseph Poore na Thomas Nemecek kuhusu madhara ya chakula kwa mazingira, uliotoka mwaka 2018, uliojumlisha takwimu za mashamba zaidi ya 38,000 katika nchi 119. Ng'ombe anacheua, na majani yanapochachuka tumboni mwake hutoa methani ambayo huitoa kwa kubeua. Ndani ya miaka 100, gesi hiyo hukamata joto zaidi ya mara 25 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa. Ongeza malisho na misitu inayofyekwa. Kwa wastani wa dunia, gramu 100 za protini ya ng'ombe wa nyama huja na kama kilo 50 za gesijoto. Maharage na jamaa zake hayafiki hata kilo 1, tena mizizi yake inarudishia udongo naitrojeni.

Niliacha nyama wiki hiyohiyo, na nilijisifu kila mahali. Maharage, kunde, choroko, mbaazi. Nilijiona nimemaliza kazi.

Kisha mama mdogo akaja kutoka Musoma kukaa nami wiki mbili. Siku ya nne alisimama mlangoni mwa jiko, akaangalia maharage yaliyokuwa motoni tangu saa nane, na sasa ilikuwa saa kumi na moja. Akasema, "Mwanangu, haya maharage yako yanakula mti." Nilikasirika, sikumjibu. Usiku nikapiga hesabu: gunia la mkaa lililokuwa likinifikisha mwezi na nusu sasa lilikuwa linaisha kwa wiki tatu.

Mkaa wa Dar unatoka Kilosa, Handeni, Rufiji. Kwenye tanuri la udongo, kilo 1 ya mkaa inameza kilo 5 za kuni au zaidi, na tanuri likisimamiwa vibaya zinakaribia 10. Nilikuwa nimemwacha ng'ombe nikahamia kwenye miti ya misitu ya miombo, na hakuna aliyenihesabia hilo kwa sababu makala nyingi za chakula na mazingira huandikwa na watu ambao hawajawahi kuwasha jiko la mkaa.

Basi sikiliza, dada yangu. Loweka maharage usiku kucha. Usiyapike bila kuyaloweka, hata kama umechelewa, hata kama ni nusu kilo tu. Nunua presha kuka kabla ya kununua sufuria nyingine yoyote. Yangu inayaivisha kwa dakika zisizozidi arobaini. Pika ya siku tatu kwa mara moja. Ukiweza mtungi wa gesi au jiko la umeme, hama mkaa. Serikali imejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, usisubiri mwaka huo ufike. Na uloweke.

Wali wa kila siku nao upunguze, maana majaruba yenye maji hutoa methani. Simsemi mfugaji wa Simanjiro, ambaye ng'ombe wake anageuza nyasi za nchi kavu kuwa maziwa pale ambapo mahindi yanakauka. Namsema mtu wa mjini ambaye mtaani kwake kuna bucha mbili za kununulia nyama.

Nyumbani kwangu wamerudi dagaa. Samaki huyu hakulimiwa shamba wala hakulishwa pumba. Anavuliwa usiku kwa taa, asubuhi anaanikwa juani, na jua halikati mti. Sangara, aliyepandikizwa Ziwa Victoria na wakoloni katika miaka ya 1950 na 1960, ana mafuta mengi mno kwa jua. Hubanikwa kwa kuni, au minofu yake husafiri kwa ndege mpaka Ulaya. Jambo linaloniudhi kuliko yote ni kwamba sehemu kubwa ya dagaa wetu husagwa kuwa chakula cha kuku. Tunawalisha kuku dagaa, halafu tunamheshimu anayekula kuku na kumcheka anayekula dagaa!

Sasa nabeba dagaa ofisini, na bakuli nalifungua mezani mbele ya wote. Mwanzoni dada wawili walihama meza. Leo mmoja wao ananiuliza nawachambuaje vichwa na kuwatoa mchanga.

Mama mdogo anakuja tena Desemba. Nilipompigia nilimwamkia kwanza, kisha nikamwomba msamaha kwa ile jioni ya maharage, akaniambia hata hakumbuki. Nimemwomba alete madebe mawili, moja langu na moja la watu wa ofisini.