"Azimio la skrini" au "idadi ya pikseli"?

Swali: Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Mwanga, Kigoma. Wateja huniletea matangazo yaliyoandikwa "skrini yenye azimio la juu". Mengine husema "pikseli nyingi", na mengine "msongamano mkubwa wa pikseli". Je, maneno haya yana maana moja, na yapi ni sahihi?

Jibu: Hayana maana moja, na hilo la "azimio" ningependa liondolewe kabisa. Azimio ni jambo lililokusudiwa na kuamuliwa, aghalabu na watu waliokutana, kama lilivyokuwa Azimio la Arusha la mwaka 1967. Hutokana na kitenzi azimia, na skrini haiazimii jambo lolote. Kosa limezuka kwa sababu neno moja la Kiingereza, "resolution", hubeba maana ya uamuzi wa mkutano na pia ya uwezo wa chombo kuonyesha vitu vidogo vikatengana machoni, na mfasiri akashika maana ya kwanza bila kutazama kinachozungumzwa. Linanisikitisha kosa hili, kwa kuwa mnunuzi hutoa fedha zake akiwa hajaelezwa chochote.

Pikseli ni nukta ndogo ambazo kwa pamoja huunda picha kwenye skrini. Neno lenyewe limekaa katika ngeli ya I-ZI: pikseli hii, pikseli hizi, hakuna haja ya "mapikseli". Skrini yenye pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo ina jumla ya pikseli 2,073,600, na hiyo ndiyo idadi ya pikseli.

Msongamano ni jambo jingine. Wewe uliye Kigoma umeona dagaa wakianikwa Kibirizi. Ndoo moja ya dagaa ukiitandaza kwenye kichanja kidogo, dagaa watagusana. Ndoo iliyo sawa nayo ukiitandaza kwenye kichanja kipana, utaona nafasi kati yao. Idadi ni ile ile, ila msongamano umebadilika. Ndivyo ilivyo kwa pikseli hizo 1920 kwa 1080: kwenye kompyuta mpakato ya inchi 15.6, inchi zikipimwa kwa mshazari, yaani kutoka pembe moja hadi pembe iliyo mkabala nayo, zinapatikana pikseli 141 hivi kwa inchi. Kwenye skrini ya inchi 24 ni 92. Na kwenye televisheni ya inchi 55 ni 40 tu, ingawa televisheni hutazamwa kwa mbali na jicho halizitambui nukta zake kwa urahisi. Kwa hiyo anayesema "pikseli nyingi" bila kutaja ukubwa wa skrini hajasema lolote kuhusu msongamano.

Angalia pia kwamba tunasema "kwa inchi", wala si "kwa inchi ya mraba". Hesabu hufuata mstari, kama kuhesabu dagaa wa safu moja tu, na ndiyo maana msongamano ukiongezeka mara mbili, pikseli zilizomo katika eneo lile lile huongezeka mara nne. Anayeongeza neno "mraba" hapa anaharibu hesabu nzima.

Wapo wanaolikataa neno msongamano kwa kuwa huwakumbusha foleni ya magari na vurugu. Siafikiani nao. Kitenzi songamana hueleza vitu vingi kukaribiana mahali pamoja, na karaha tunayoihisi hutokana na magari, haitokani na neno. Tunasema msongamano wa watu kwa kilomita ya mraba bila kumlaumu mtu. "Mwonekano" nalo ni neno zuri, lakini ni pana mno, kwani hugusa hata rangi na mwangaza.

Tangazo la dukani kwako, basi, lingeweza kusomeka hivi: "Skrini ya inchi 27, pikseli 3840 kwa 2160, msongamano wa pikseli 163 kwa inchi."